Kitabu Cheupe cha Bwana Hamdani

Jiko lisilo na kosa halijakaguliwa.

Ndivyo alivyowaambia yule mama wa vitumbua leo asubuhi, mlipomsifu kwamba mmezunguka banda lake lote msione doa, sivyo? Akacheka, akawaambia mrudi mkaangalie vizuri. Nanyi mmekuja kwangu mmenuna, mnataka kujua kama amewatukana. Hajawatukana. Kaeni hapo mkekani mnisaidie kuchambua maharage haya, maana macho yangu siku hizi hayatofautishi punje na kijiwe. Watu wengi wakiisikia methali hiyo hudhani ni ya mababu. Si ya mababu hata kidogo. Aliyeisema mara ya kwanza namjua, na kosa lililoizaa ni langu mimi kwa sehemu kubwa. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa bwana afya wa mji huu wa Kinyambuzi, na wakati huo nilikuwa mtu wa kuogopwa. Nilikuwa na kofia, baiskeli ya serikali na kalamu mbili mfukoni. Kazi yangu ilikuwa kukagua visima, vyoo, bucha na migahawa. Kila mgahawa ulikuwa na kitabu chake cha ukaguzi, kimetobolewa pembeni, kimetiwa kamba na kutundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Nikishakagua niliandika humo tarehe, makosa niliyoyaona, kisha natia sahihi. Mteja yeyote ajuaye kusoma aliweza kukifungua huku anangoja chai yake, na watu wa Kinyambuzi walivisoma kweli, kwa sababu gazeti lilikuwa likitufikia mara moja kwa wiki na hilo nalo limeshafungiwa sukari.

Migahawa ya maana ilikuwa miwili tu. Wa kwanza ulikuwa wa Bwana Hamdani Msengi. Nyumba ya matofali, sakafu ya saruji, meza zenye vitambaa vya plastiki vyenye maua. Pilau, nyama ya mbuzi, kachumbari, chai ya maziwa. Hamdani mwenyewe alikaa kaunta na kanzu iliyopigwa pasi. Kitabu chake cha ukaguzi hakikutundikwa msumarini kama vya wengine. Alikitengenezea kisanduku chenye kioo, akakiweka ukutani pale ambapo wengine huweka picha ya harusi. Ungekifungua ungeona mabwana afya watatu tofauti, miaka kumi na moja, ukurasa kwa ukurasa, maneno ni yale yale: Safi. Hakuna kosa. Watu walikiita kitabu cheupe. Wenye harusi walipikiwa kwake, na wakubwa wa wilaya wakija walikula kwake.

Wa pili ulikuwa wa Bi. Sikudhani, mjane aliyekuwa akilea wajukuu watatu kwa chungu chake. Huo wala haukuwa mgahawa, ni kibanda cha bati kisicho na ukuta upande wa barabarani. Mafiga matatu, ugali, maharage, mlenda na dagaa. Kila alichokifanya Sikudhani kilionekana na apitaye. Kwa hiyo kitabu chake kilijaa. Ndoo ya maji haina kifuniko. Vyombo vinaanikwa chini. Mpishi hajafunga kilemba. Shimo la taka liko karibu mno. Hayo yote niliandika mimi na walionitangulia. Na chini ya kila kosa, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, Sikudhani alikuwa ameandika: Nimetengeneza. Njoo uone.

Nilikuwa nikiyaona maneno hayo nacheka moyoni. Mara nyingine nilikwenda kuona. Mara nyingi sikwenda.

Sasa mtaniuliza, kwa Hamdani ilikuwaje hata kosa moja lisionekane miaka yote hiyo? Je, alinihonga? Hapana, na wala msinitazame hivyo. Hamdani hakumpa mtu rushwa hata siku moja, na kama angenipa ningejua la kufanya. Jambo lenyewe lilikuwa la heshima. Mpishi wake alikuwa mama mkwe wake, Bi. Nyamizi, mama mzazi wa mkewe. Nanyi ni watoto wa huku, mnajua. Kwa mila zetu mkwe wa kiume haingii mahali ambapo mama mkwe amekaa anapika, kanga kifuani, jasho linamtoka. Hamdani alijenga jiko nyuma ya nyumba, akamkabidhi mama mkwe, akaning'iniza pazia mlangoni, na tangu siku hiyo hakukanyaga humo. Chakula kilitoka kwa kidirisha kidogo. Alichotaka kumwambia mama mkwe alimtuma mkewe aende kumwambia.

Nami na Hamdani tuliingia jando moja. Mkwe wa mwanarika wako ni mkwe wako. Kila nilipokwenda kukagua, Hamdani alinivutia kiti na kusema, "Jikoni yumo mkwe." Nikasema, "Basi, salamu zangu zimfikie." Chai ikaja, chapati laini zikaja, nikatazama meza, nikatazama sakafu, nikaandika: Safi. Hakuna kosa. Mabwana afya wawili walionitangulia hawakuwa wa rika letu, lakini nao walikuwa wanaume wenye adabu zao, wasingepita pazia lile wakati mwenye nyumba mwenyewe hapiti. Na kuna jambo jingine ambalo ni aibu kulisema. Kurasa zikishakuwa nyeupe miaka mingi hivyo, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuzichafua.

Basi ikaja Jumatano moja ya mnada. Mnada wetu wa kila mwezi mnaufahamu, ng'ombe wanashuka kutoka kila upande na watu wanakuja na njaa. Mtu alikunywa chai kwa Hamdani asubuhi, mchana akala ugali kwa Sikudhani, au alianza kwa Sikudhani akamalizia na pilau kwa Hamdani. Kufikia alfajiri ya Alhamisi zahanati yetu ilikuwa imejaa. Watu arobaini na mmoja, wanatapika, wanaharisha, wameishiwa nguvu. Mtoto mmoja wa miaka minne tulidhani hataiona jioni. Hakufa mtu, Mungu alitusitiri. Lakini hofu iliingia mjini, na kutoka wilayani ikaja amri. Chanzo kijulikane kabla ya mnada ujao, na mgahawa uliosababisha ufungwe, leseni yake ifutwe moja kwa moja.

Kufutiwa leseni kwa Hamdani kungekuwa pigo, lakini alikuwa na ng'ombe na duka la nguo. Kwa Sikudhani kulikuwa na maana moja tu. Chungu kikiondoka mafigani, wale wajukuu watatu hawali.

Kikao kilifanyika ofisi ya kata. Katibu Kata wakati huo alikuwa Bwana Mkumbo, mtu mwema lakini asiyependa kikao kivuke saa sita. Aliviweka vile vitabu viwili mezani, akavigonga kwa kidole.

"Ndugu zangu, sioni sababu ya kuchoshana," alisema. "Vitabu vinasema vyenyewe. Hiki hapa hakina kosa miaka kumi na moja. Hiki kingine nimehesabu makosa mpaka nikaacha. Sasa ugonjwa umetoka wapi?"

"Kwa Sikudhani!" watu wakajibu.

Sikudhani akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nene kuliko umbo lake.

"Hayo makosa yaliandikwa, sikatai," akasema. "Na nilipoandikiwa nilitengeneza, moja baada ya jingine. Ndoo ina kifuniko. Shimo nimelihamisha kwa jembe langu mwenyewe. Mkinifungia leo kwa makosa ambayo hayapo, basi mngenifungia zamani, yalipokuwapo."

Bwana Mkumbo akanigeukia mimi. "Bwana afya, karatasi ya kufunga unayo?"

Nilikuwa nayo. Na si kwamba nilikuwa nayo tu, nilikuwa nimeshaijaza jina la Sikudhani tangu asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Mke wangu ndiye aliyeniletea wino.

Hapo ndipo nilipomwona Bi. Nakiete ameinua mkono. Alikuwa bibi afya, binti wa Kipare, ametumwa kutoka mkoani kutusaidia, na ana siku mbili tu mjini. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Muda wote tuliokuwa tukisema yeye alikuwa akikisoma kitabu cheupe cha Hamdani, anafungua ukurasa, anasoma, anafungua mwingine. Watu walikuwa wameanza kuchekeana chinichini, maana neno ni lile lile, anasoma nini?

"Kaka Yoramu," akaniita, "humu umeandika kwa muda gani?"

"Miaka mitano, dada. Kila miezi mitatu."

"Vizuri. Basi wewe ndiye shahidi wetu. Hebu niambie, jiko la Bwana Hamdani ni la kuni au la mkaa?"

Swali dogo hilo, mtoto angelijibu. Nikakisia. "La kuni," nikasema. Nikamwangalia Hamdani anisaidie, naye alikuwa ananikodolea macho kwa hamu kubwa, kama mtu anayetaka kujua jibu.

"Maji ya kuoshea vyombo yako kwenye pipa au mtungi?"

Nikaanza kuigeuza kofia yangu mikononi.

"Mlango wa nyuma unatazama wapi?"

"Sijui kama kuna mlango wa nyuma," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeshapungua.

"Na kwa Bi. Sikudhani?"

Hilo nililijibu bila kuvuta pumzi. Mafiga matatu, kuni za mgunga, ndoo mbili, ya bluu ya kunywa ina kifuniko cha ubao, kichanja cha vyombo kina miguu minne na mmoja umefungwa kwa kamba. Nilijua hata wapi anaficha chumvi. Watu wakacheka, lakini kicheko kikakatika chenyewe katikati.

"Hili umeliona," akasema Bi. Nakiete. "Lile umekula tu chakula chake. Katibu, kabla hatujafunga jiko lililoonwa, naomba nikalione lile ambalo halijaonwa."

Hamdani akasimama, uso umemshuka. Si kwamba alikuwa na la kuficha. Alikuwa anaona haya. "Dada yangu, mle yumo mama mkwe," akasema. Wazee wakatikisa vichwa kumuunga mkono, na mmoja akaongeza, "Binti, humo haingii mwanamume."

"Ndiyo, baba," akasema Bi. Nakiete. "Nami nashukuru Mungu si mwanamume, na wala si mkwe wa mtu wa hapa."

Tukaondoka wote kama msafara wa kwenda kutoa posa. Mgahawani Bi. Nakiete akapiga hodi, akapita pazia. Sisi wanaume tukabaki upande wa huku, mimi, Hamdani, Bwana Mkumbo na wazee wawili, tumesimama kimya tumetega masikio. Sikudhani alisimama mlango wa barabarani, mikono kiunoni. Yeye ni mwanamke, angeweza kuingia, lakini alisema hataki baadaye isemwe kwamba alikwenda kumtafutia mwenzake makosa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe? Njoo karibu nikuone. Mbona umevaa viatu vya kiume?"

"Vya kazini, mama. Mimi ni bibi afya. Nimekuja kukagua jiko."

"Hili? Kwani jiko hili hukaguliwa?"

"Kitabu kinasema kila miezi mitatu."

Bi. Nyamizi akaguna. "Basi huyo mkaguzi ni jini," akasema. "Maana mimi nimo humu kutwa na sijamwona."

Masikio yangu yalipata moto. Bwana Mkumbo akajifanya anatazama dari.

Tukasikia vyombo vinainuliwa, mfuniko unafunguliwa, maji yanamiminwa. Bi. Nakiete hakuwa na haraka, wala hakuwa na ukali. Aliuliza kama binti anayefundishwa kupika. Mkaa unauweka wapi, mama? Kumbe lilikuwa jiko la mkaa. Nyama inafika saa ngapi? Na kachumbari mnaikata saa ngapi?

"Kachumbari mimi naikata alfajiri," akasema Bi. Nyamizi, "kabla nyama haijatoka bucha. Gogo la kukatia linakuwa bado kavu."

"Na siku ile ya mnada?"

"Siku ile nyanya zilichelewa. Nyama ikatangulia. Nikakata nyama, nikapangusa gogo kwa tambara, nikakata kachumbari hapo hapo. Beseni zima, maana watu walikuwa wengi."

"Beseni likakaa wapi?"

"Hapo ulipo. Mpaka adhuhuri."

"Hapa pana joto la jiko, mama."

"Joto nimelizoea."

"Na gogo hili huwa unaliosha kwa kitu gani?"

"Napangusa."

"Hebu weka kidole hapa. Hapa kwenye ufa."

Kisha tukasikia, "Mh. Kunateleza."

"Mama, unaliona lakini?"

"Macho yangu yana ukungu, mwanangu. Mwaka wa tatu sasa. Nakata kwa mazoea." Halafu sauti ya Bi. Nyamizi ikabadilika. "Ngoja. Ina maana wale watu waliolala zahanati ni mimi niliyewalaza?"

"Bado nitawauliza wao walikula nini," akasema Bi. Nakiete. "Lakini nahofia hivyo, mama."

"Na yule mtoto?"

"Anaendelea vizuri. Jana jioni alikunywa uji."

Bi. Nyamizi akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, ilikuwa ile ya mtu mzima anayejizuia, na akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Miaka kumi na moja hakuna mtu aliyekuja kuniambia kosa hata moja. Nikadhani sina."

Hamdani alikuwa amesimama hatua moja kutoka pazia lile. Mkono wake uliinuka kama unataka kulisogeza, ukashuka. Hakuweza kuingia kumfariji mama wa mkewe, na hakuweza kuondoka. Akakaa chini, pale pale kwenye saruji, na kanzu yake iliyopigwa pasi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Asubuhi yake tulikwenda zahanati, kitanda kwa kitanda, mkeka kwa mkeka. Bi. Nakiete aliwauliza wote swali moja, je, ulikula kachumbari ya kwa Hamdani? Thelathini na tisa walisema ndiyo. Wawili hawakukumbuka, na mmoja wa hao alikuwa amelewa siku ile. Tukawatafuta mjini wale waliokula kwa Sikudhani peke yake. Wote walikuwa wazima, wengine tuliwakuta wanalima.

Ile karatasi yenye jina la Sikudhani niliichana mbele yake, nikamwomba radhi. Nilidhani atanisema, na angekuwa na haki. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Radhi nimekupa," akasema. "Sasa njoo uone."

Akakitoa kitabu chake msumarini, akanizungusha. Kosa la ndoo, tukaenda kwenye ndoo. Kosa la shimo, tukaenda mpaka kwenye shimo, hatua nilizihesabu mwenyewe. Kila tulipomaliza moja alinipa kalamu nikalifuta kwa mstari. Ilituchukua saa nzima na watoto wa jirani walitufuata kama wanaona ngoma. Mwisho kabisa nikaona kisu chake cha vitunguu kina kutu kwenye mpini. Nikasita. Nikawaza, baada ya yote niliyomfanyia, hili nalo nilitaje?

"Andika," akasema Sikudhani, ameshaona jicho langu lilipokwenda. "Usiponiandikia nitajuaje?"

Kwa Hamdani kulikuwa na makosa kumi na manne. Bi. Nakiete alipofungua kisanduku cha kioo na kutoa kalamu, Hamdani alimshika mkono, akamsihi kama mtu anayesihi asichanjwe. "Dada, nitanunua kitabu kipya leo hii, andika yote humo, hata makosa mia. Hiki usikichafue." Bi. Nakiete akamwambia kwa upole kwamba kurasa zile hazikuwa nyeupe, ila makosa yake tu ndiyo hayakuandikwa. Akaandika yote kumi na manne. Mgahawa ukafungwa mpaka yatengenezwe, leseni haikufutwa, kwa kuwa Bi. Nakiete mwenyewe aliandika wilayani kwamba waliokosa ni wawili, mwenye jiko na mkaguzi. Jina langu lilikuwa kwenye barua hiyo. Nilihamishiwa visima kwa miezi miwili, kazi ya kutembea kwa miguu, na kofia na baiskeli nikanyang'anywa.

Lakini makosa kumi na manne yangetengenezwaje na mama wa miaka sitini na kitu mwenye macho ya ukungu, na mwenye nyumba haruhusiwi kuingia? Hapo wazee walikaa. Mila zetu zina mlango wake, ila watu huwa wavivu kuutafuta. Hamdani alitoa mbuzi na doti ya kanga, akampelekea mama mkwe mbele ya wazee, kuondoa haya. Bi. Nyamizi alipokea. Tangu hapo mkwe anaweza kuingia, naye na wanarika wake. Hamdani akainama akaingia jikoni mwake kwa mara ya kwanza, na inasemekana alitoka humo na gogo lile begani, akaenda kulichoma mwenyewe nyuma ya msikiti. Akaleta mbao mbili, moja ya nyama na moja ya mboga, na kwa ajili ya macho ya mama mkwe akaipaka ya nyama rangi nyekundu pembeni. Akamleta pia mpwa wake wa kike, msichana mwenye macho makali, asaidie kukata.

Mgahawa ulifunguliwa siku ya mnada wa tatu. Mimi nilikuwa nimerudishiwa kofia, baiskeli bado. Nilikwenda kula, nikakaa meza ya pembeni. Kukagua sikuenda, maana Bi. Nakiete alikuwa amekagua kila kitu kabla hajarudi mkoani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kweli yenyewe ni kwamba nilimwogopa Bi. Nyamizi.

Akaingia mchuuzi wa ng'ombe kutoka mbali, mtu mnene mwenye fimbo. Wakati anangoja pilau akaenda kwenye kisanduku cha kioo, akakifungua kitabu, akasoma. Akasoma tena, safari hii kwa sauti, ili wote tusikie. Gogo lina utelezi. Tambara moja kwa kazi zote. Kachumbari karibu na moto. Akaangua kicheko.

"Ama kweli nimetembea!" akasema. "Watu wengine huficha aibu zao uvunguni. Ninyi mmeziwekea kioo! Mimi nile mahali penye makosa kumi na manne?"

Hamdani pale kaunta akainamia mikono yake. Nilijua anachowaza. Akitoka huyu, watatoka na wengine, na habari itafika minada yote.

Sauti ikatoka jikoni. Pazia lilikuwa limeshaondolewa, na Bi. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni, kisu mkononi, kilemba cheupe kichwani, anaitafuta sura ya yule mtu katika ukungu wake.

"Baba," akamwambia, "hapo nyuma kuna kurasa nyeupe tele. Zile ndizo zilizowalaza watu zahanati. Huo ulioandikwa ndio ulionifundisha kuosha ubao. Kaa ule. Jiko lisilo na kosa halijakaguliwa."

Yule mchuuzi alisimama vile vile na fimbo yake. Kisha akavuta kiti. Mtu mmoja akacheka, wa pili akayarudia maneno yale kwa mwenzake, na kufikia jioni yalikuwa yameshafika uwanjani. Mtu alipolisifu dume lake kwamba halina ila, mnunuzi alimjibu hivyo. Baadaye nikayasikia kwenye posa, washenga walipoleta sifa za bwana harusi asiye na doa. Mpaka leo yanatumika, na tuliokuwapo siku ile tumebaki wachache.

Lakini mimi sikucheka na waliocheka. Niliacha sahani yangu ina nyama, nikasimama, nikaenda mpaka mlango wa jiko.

"Hodi, mama," nikasema. "Ni mimi, Yoramu, bwana afya. Nimekuja kukagua."

Akaigeukia sauti yangu. "Umechelewa miaka mitano," akasema. "Karibu."

Nikaingia. Nilikaa humo mpaka chai ya saa kumi. Nilipomwambia kwamba pipa la maji halina mfuniko na kucha za mpwa ni ndefu, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, yenye harufu ya kitunguu, akaniambia niandike vizuri, nisisahau tarehe. Nikaandika. Ndipo nilipoielewa, wanangu, na ndivyo nawaachia. Jiko lisilo na kosa halijakaguliwa.